Nzi wa Matunda na Bariera ya Njia ya Beni

Mwaka wa mwisho wa masomo yangu, mji wetu wa Butembo ukiwa mikononi mwa waasi na kila mara tukiletewa mkubwa mpya wa askari, mimi, binti wa chuo, nilikuwa nafuga nzi. Si wale wakubwa wa chooni. Ni wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi. Niliwaweka katika chupa tupu za konfitiri, ile jamu ya kupaka mkate, midomo nimeifunga kwa kitambaa, nikazipanga karibu na makaa ya jikoni, kwa sababu baridi ya Butembo huwachelewesha kuzaa.

"Batu banakimbia vita, weye unachunga nzi," mama alikuwa akisema. Yeye aliuza maharagwe ya Lubero sokoni. Hata hivyo hakuwahi kuninyima ndizi zilizooza.

Nilichotaka kujua ni hiki. Dume la nzi huyu humfuata jike, hunyoosha bawa moja na kulitetemesha, kama mtu anayeimba mlangoni. Jike akimtaka, husimama. Asipomtaka, humpiga teke na kwenda zake. Sasa, wapo madume wenye utitiri, vidudu vidogo vinavyong'ang'ania tumboni na kuwanyonya. Je, jike huliona hilo? Humkataa dume wa namna hiyo? Ni swali zuri. Nasema hivyo mpaka leo, na waliolicheka sijawasamehe.

Nzi wenye utitiri hawakupatikana kwenye baridi yetu. Ikanibidi nishuke Beni, kwenye joto, nikae kwa mama mdogo aliyelima kuelekea Mangina. Nilishinda nimeinama chini ya mipapai yake nikinasa nzi juu ya matunda yaliyoanguka. Nilirudi na kikapu cha chupa, juu ya kamyo la dereva mmoja Mwislamu wa Beni, aliyezoea kumbebea mama magunia yake. Kando yangu juu ya mzigo aliketi msichana mwenye bidoni mbili za mafuta ya mawese, anakwenda kuyauza Butembo. Alinigawia karanga. Alitaka kuona nzi, nikampa kioo changu cha kukuzia. Akaangalia, akacheka.

"Kumbe na nzi iko na chawa!"

Kwenye bariera, kamba imefungwa toka mti huu hadi ule, askari walitushusha wote. Mmoja akafunua kikapu changu.

"Hii ni nini?"

"Ni nzi, shefu. Ni ya masomo."

"Sumu! Unabeba sumu ya kuua basoda, kutuua sisi!"

Mkubwa wao akaja, kijana wa miwani myeusi, akaniuliza kwa sauti ya upole. Basi nikaeleza yote, dume na bawa lake, jike na teke lake, kwa kuwa niliamini kwamba mtu akielezwa vizuri ataelewa. Alicheka hadi akashika tumbo.

"Donc, basi muke ndiye anachagua?"

"Kwa nzi, ndiyo, shefu."

"Huku kwetu hapana. Huku ni bunduki inachagua."

Akazitoa chupa kikapuni, akazivunja moja baada ya nyingine chini ya buti lake. Nzi wachache waliruka. Wengi walibaki wamegandamana na papai na vioo. Kisha akanyoosha kidole kwangu na kwa yule msichana.

"Hii mbili itabaki."

Dereva alisogea, kofia yake mkononi, akanionyesha mimi. "Shefu, huyu ni muke ya ndugu yangu. Mahari imekwisha kutoka. Ndugu yangu anamungojea Butembo."

Uongo mtupu. Sijawahi kumwona ndugu yake. Mkubwa akanipima kwa macho, akasema, "Kama iko na mwenyewe, kamata uende naye." Kama mbuzi aliyepotea. Nilikuwa nimeomba kwa masomo yangu, kwa Kifaransa changu, kwa karatasi ya chuo, na havikufaa kitu. Kilichofaa ni mwanaume wa kubuni.

Nikamshika msichana mkono. "Na huyu ni mudogo wangu!"

"Jina lake?"

Sikulijua. Nikataja la haraka. Wakamuuliza yeye, akataja lingine. Wakamvuta. Nilikuwa bado nimemshika, askari akanipiga kwa kitako cha bunduki begani, mkono ukaachia wenyewe. Dereva akanisukuma ndani ya kamyo. "Panda, mutoto yangu. Panda. Tutarudi."

Butembo nilimweleza mama palepale sokoni, katikati ya magunia. Hakulia. Alizungumza na jirani yake wa meza, na huyo na mwingine. Asubuhi kamyo la yule dereva lilijaa wanawake: wauza maharagwe, wauza makaa, mama wa parokiani, na mke wa dereva na dada zake wamejifunga vitambaa vyao vya kichwani. Kwenye bariera mama alishuka wa kwanza.

"Tumefuata mutoto wetu."

"Mutoto gani? Mrudi kwenu."

"Weye uko na mama?" mama akamuuliza yule mkubwa. "Basi angalia."

Akashika fundo la kitenge chake. Wote wakashika mafundo yao. Kwetu, mama akikuvulia nguo kwa hasira amekulaani, na hata mwenye bunduki analijua hilo. Askari vijana waligeuza nyuso. Mmoja akaanza kusihi, "Hapana, mama, hapana." Mkubwa alisimama akitafuna mdomo, kisha akaamuru msichana aletwe.

Alitoka nyuma ya kibanda, hana viatu, anatembea polepole. Bidoni zake hazikurudi. Alichotendewa alimwambia mama, nami sitakiandika. Alikaa kwetu mpaka alipoweza tena kwenda sokoni peke yake, ndipo akarudi kwao Beni.

Mimi nilianza upya. Dereva aliniletea mapapai yaliyooza pamoja na nzi wake, akilalamika kuhusu harufu. Katika chupa ndogo jike alipiga teke, akapiga tena, dume mwenye utitiri akarudi, mwisho akampanda. Ningeweza kuandika kwamba jike hajali. Nikashona kizimba kikubwa cha kitambaa cha pazia. Humo, mara nyingi, jike alimwacha huyo akaenda kwa mwingine. Si kwamba hakujali. Kwenye chupa hakuwa na pa kwenda.

Siku ya kutetea kazi yangu chuoni, mmoja wa walimu mezani alisukuma karatasi zangu kando.

"Umeandika chupa za kwanza zilivunjwa na askari. Andika, 'sampuli zilipotea njiani.' Hii ni sayansi, hapana politiki."

"Hazikupotea, profesa. Nilikuwepo."

"Unataka kuletea chuo shida?"

"Shida iko tayari, profesa. Iko njia ya Beni, imevaa buti."

Nilikataa kufuta neno. Walinipunguzia alama. Nilitoka pale, nikaenda sokoni kumsaidia mama kufunga magunia, maana mvua ilikuwa inakuja.