Kishindo cha Nazi

Jirani yangu akifua nazi, harufu ya makumbi mabichi hunifikia barazani, nami hurudi kwenye uwanja wa shule yetu kule Timbwani, uliopakana na shamba la minazi.

Mwalimu wetu alikuwa amerudi kutoka vita vya Bama, alikopigana na Wajapani. Asubuhi alitufundisha hesabu, jioni mpira, kwa sauti ile ile ya taratibu. Siku moja tukiwa mazoezini, mkwezi aliangua nazi bila kupiga ukelele wa kuonya watu. Ilipotua kwa kishindo, mwalimu akajitupa chini kifudifudi, mikono kichwani. Sisi tuliozaliwa katikati ya vishindo vile hatukufikiria nazi hata kidogo. Tulidhani ni zoezi jipya, tukalala sote.

"Mwalimu, tuamke?" golikipa wetu aliuliza.

"Bado," alisema, uso ukiwa mchangani. Baada ya kitambo akasema, "Haya, amkeni. Mmefanya vyema."

Tangu hapo, kila nazi ilipoanguka tulilala, naye hakutukataza.

Kisha wakaja watoto wa Changamwe kucheza nasi. Tulikuwa sare, mchezo unakaribia kwisha, nazi ikaanguka. Timu yetu nzima ikalala. Wageni wakaturuka, wakafunga bao, na watu wazima waliokuja kutazama wakacheka hadi wakashika mbavu.

Mwalimu aliinuka kutoka chini, pale pembeni ya uwanja. Akaja kutupangusa mchanga vifuani, mmoja mmoja. Wake hakuupangusa.