Ruta Alizochagua Mama Patasi

Jirani mmoja, muuza mkaa mwenye ulimi wa pilipili, alimuuliza Mama Patasi bombani mbele za watu: "Hivi wewe, nduguyo akikutuma dukani umnunulie kamba ya kukunyongea, si utaivuta kwanza uone kama ni imara?"

Watu walicheka mpaka ndoo zikafurika. Mama Patasi naye alicheka kidogo, maana hakuwa mtu wa kununa, akajitwika ndoo yake akaenda zake. Lakini swali lile halikutoka hewani.

Mama Patasi alikuwa fundi wa nakshi. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila patasi. Hata akienda msibani, imo kwenye mkoba. Kazi aliirithi kwa baba yake, naye akamfundisha mdogo wake wa kiume, ambaye alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Yule mdogo hakujaliwa mkono wa kuchonga, ila mdomo wa kuuza alipewa wa kumtosha yeye na wenzake watatu. Basi karakana ikaandikwa jina lake, na dada akabaki na benchi la dirishani. Miaka ishirini na sita alichonga pale maua ya milango na kingo za vitanda, hadi kiganja kikawa kigumu kama kisigino. Hakudai kingine. Benchi lile ndilo lililokuwa chakula chake na heshima yake.

Ulipofika mwisho wa msimu, duka kubwa la vifaa likatangaza bei ya kutupa. Mdogo mtu akamjia dada yake, meno yote nje.

"Dada, twende ukanichagulie ruta mbili. Mimi nitaona rangi tu, wewe unaiona roho ya mashine."

Ruta ni mashine ya kushika kwa mikono, yenye kisu kinachozunguka kwa kasi. Huchimba mifereji, hupamba kingo, na mwenye kuijua huchonga nayo hata maua. Mama Patasi aliwahi kuazima moja kwa fundi mwenzake, na siku ya kuirudisha aliirudisha kwa shingo upande.

"Moja iwe kubwa, ya kazi nzito," mdogo mtu alimwambia njiani. "Nyingine iwe ndogo, ambayo mkono wa mwanamke utaimudu."

Mkono wa mwanamke! Karakana nzima mwanamke alikuwa mmoja tu. Mama Patasi alimshukuru Mungu kimoyomoyo, maana kifundo cha mkono wake kilikuwa kimeanza kuigomea nyundo.

Dukani palikuwa hapatoshi. Muuzaji, jamaa mwenye kalamu sikioni, alimtazama mama yule toka kilemba hadi ndara.

"Mama, mashine za kusagia nyanya ziko upande ule."

Mdogo mtu akacheka kumshinda muuzaji mwenyewe. "Mwache, kaka. Huyu tumemleta anuse tu."

"Haya, basi ninuse," Mama Patasi akasema. "Umeme mnachomeka wapi?"

Ya kwanza iling'aa kama bibi harusi, na ilikuja na visu ishirini vya bure. Alishika pale kisu kinapofungwa, akatikisa huku na huku. Pakacheza. "Jino bovu," akasema, akaiweka. Ya pili aliilaza rula ya chuma kwenye kitako, akaona mwanga unapita chini yake, kitako kimepinda. Ya tatu alipoiwasha iliruka mkononi kama jogoo aliyekamatwa bawa, na cheche zikaonekana kwenye matundu ya ubavuni.

"Hii imeshafanya kazi, baba," akamwambia muuzaji kwa upole. "Kaboni zake za kupitishia umeme zimelika. Mmeipangusa mkairudisha kwenye boksi."

Muuzaji akaitoa kalamu sikioni, na toka hapo akawa anamwita "fundi".

Ile kubwa aliipata upesi. Ile ndogo ndiyo aliyoihangaikia, akiishika na kuiacha, akiipima kwa mkono ule unaouma. Mwisho akapata moja ya kitako cha chuma, sauti yake inaanza pole kisha inapanda, na swichi nyepesi, ukiigusa tu imeitika. Akatoa mkobani kipande cha mbao ngumu alichokuja nacho, akachonga jani palepale. Watu wakakusanyika. Kwa furaha akajisahau, akapaza sauti:

"Mdogo wangu, hii inamaliza kwa dakika tano kazi yangu ya asubuhi nzima!"

"Umesema mwenyewe, dada," mdogo mtu akajibu, akaenda kulipa.

Kesho yake Mama Patasi alifika mapema, amevaa aproni aliyoipiga pasi. Kwenye benchi la dirishani alisimama wifi yake, mke wa mdogo wake, miwani ya kazi kaipandisha kwenye nywele kama pambo. Patasi kumi na nne zilikuwa mlangoni, zimetupiwa kwenye kopo tupu la rangi, ncha chini. Moja imekatika.

"Umechagua vizuri, wifi," yule mke akasema. "Imenikaa kama pete."

Mama Patasi alidhani anataniwa. "Na mimi nikae wapi?"

"Nyumbani," mdogo mtu akamjibu. "Umechoka, dada. Umesema mbele za watu, dakika tano. Sasa nikulishe asubuhi nzima kwa kazi ya dakika tano? Sikufukuzi, nakupumzisha."

"Ulisema mkono wa mwanamke."

"Kwani mke wangu ni mwanamume?"

Mafundi wawili wakacheka, macho yakiwa chini kwenye randa zao. Hakuna aliyetaka benchi lake liwe la pili.

"Usinune, wifi," mke akaongeza. "Patasi zako hatukuzitupa. Zitakufaa kupalilia bustani."

Mama Patasi akainama, akaliokota kopo. Ile iliyokatika akaifuta kwa aproni, akairudisha taratibu, ncha juu. Nyuma yake wifi alikuwa ameshika spana, kaikumbatia ruta kifuani, anahangaika kufungua kisu, kidole gumba kikiipapasa ile swichi nyepesi. Waya ulikuwa bado umechomekwa ukutani.

"Kama una neno liseme hapahapa," mdogo mtu akafoka. "Usiende kutulilia bombani. Unataka nini?"

Mafundi wakaziweka randa chini. Wote walimngoja apige magoti aliombe benchi lake. Yeye hakumtazama mdogo wake. Alivitazama vidole vya wifi.

"Nina ombi moja. Wifi, ukitaka kubadilisha kisu, chomoa waya kwanza."