Meno ya Marehemu

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, katika ua wa marehemu baba yangu mkubwa kule Nyantende, shangazi alifungua kitambaa cheupe akatoa meno. Matanga yalikuwa yamekwisha na tulikuwa tukigawa vitu vyake. Baba yangu, mdogo wake aliyemfuata, alikuwa ameshapewa koti, fimbo na miwani. Sasa yalikuja meno bandia ya juu, yamepangwa kwenye kipande cha plastiki chenye rangi ya ufizi.

“Na haya iende kwa mudogo yake,” shangazi alisema. “Si ni yeye anabakia na kinywa wazi?”

Watu walipiga makofi. Baba alipokea kwa mikono miwili, maana kwetu kukataa kitu cha marehemu ni kumkataa mwenyewe.

Baba hakuwa na jino hata moja la juu. Alikuwa akiishi kwa uji na ndizi za kuponda, na amekonda. Kwa misimu miwili alikuwa ameweka pesa za kahawa ili fundi wa meno wa Bukavu amtengenezee yake. Shangazi alizijua pesa hizo.

“Sasa meno iko. Ile pesa ya kahawa ituletee kasiksi, watu wakunywe.”

Nilisimama. Shule niliiacha darasa la tano. Mengine nimejifunza katika vitabu vikuukuu vya soko la Kadutu, na kimoja kilieleza mambo ya kinywa. Niliwaambia nilichosoma: meno bandia hushika mahali pa yaliyong’oka, mtu atafune, aseme vizuri, na mashavu yasibonyee. Lakini hayana mizizi. Hukaa kwa kugandamana na ufizi na kaakaa, mate yakiwa katikati. Kwa hiyo fundi hukandamiza nta laini katika kinywa cha mtu huyohuyo, na kwa alama hiyo huyatengeneza. Pakibaki nafasi, yanacheza; yakibana, yanachubua.

“Koti inamutosha,” shangazi alisema. “Meno itashindwa aje? Walitoka tumbo moya!”

“Koti haikae juu ya ufizi, shangazi.”

“Angalieni dokta ya makaratasi! Kitabu yako iko na meno?”

Ua mzima ulicheka. Baba hakucheka. “Muache,” alisema. “Nitaizoea.”

Pesa zilitoka siku ileile, na kabla ya jua kuzama pombe ilikuwa imekwisha.

Baba hakuyazoea. Upande wa kushoto yalimbana, upande wa kulia yaliinuka kila akifungua kinywa. Akawa anayavaa wageni wakija, na kuyatoa chakula kikija. Hadi leo jambo hilo linanichemsha: meno ambayo mtu lazima ayatoe ili ale. Wiki ya tatu ufizi ulifanya kidonda, hata uji ukamshinda. Nikampeleka mjini.

Fundi aliyageuza yale meno mkononi. “Papa, nani alikupima hizi?”

“Hakuna. Ni ya marehemu kaka.”

“Eh! Na miwani pia munarithishana?”

“Ndiyo,” baba alijibu, akaishika miwani usoni. “Ni hii.”

Fundi alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemvisha. Alisema kidonda kipone kwanza, ndipo apime. Tulingoja miezi miwili, baba akizidi kukonda. Kisha alipimwa kwa nta, nikalipa kwa mshahara wangu, na Jumapili moja niliona baba akitafuna nyama ya mbuzi taratibu, upande mmoja, kisha mwingine.

Wiki hiyohiyo shangazi alituma mtu: kwa kuwa tumepata mapya, ya marehemu tuyarudishe, kuna mjomba huko Kalehe hana meno. Nilijibu hapana, na nikayavunja kwa nyundo mbele ya mjumbe.

Pesa za kahawa zilizonywewa, dawa ya kidonda na nauli za lori, bila kuhesabu meno mapya, zilikuwa hasara ya zaire hamsini na tatu na makuta arobaini, kwa pesa za wakati ule.