Mawe ya Dunia Isiyokuwepo

Mama aliniuliza kama nimeuza shamba, na aliuliza taratibu, kama mtu anayeulizia habari za shule. Nilikuwa nimechuchumaa uani kwake, Mwaya, nasuuza mchanga mweusi kwenye beseni.

"Shamba lipi, mama?"

"Tunalo moja tu. Kaka yako anasema umepata watu."

Sikuwa nimepata watu. Nilikuwa naandika kitabu.

Nafundisha kemia sekondari, Kyela mjini, na mwisho wa juma huenda kwa mama. Mwaka ule nilikuwa natunga hadithi ya sayari ambayo haipo popote. Nilitaka sayari ambayo wanafunzi wangu wasingeweza kuicheka, kwa hiyo nikaanza na mawe yake kabla ya watu wake. Huko kaboni ni nyingi kuliko oksijeni. Milima ni ya kitu kilekile kilichomo ndani ya kalamu ya risasi, mchanga unakwaruza kama msasa, na maziwa yamejaa kitu kinachokaribia mafuta ya taa. Kemia yake niliiweza. Kilichonishinda ni mambo madogo. Mchanga mzito ukipigwa na mawimbi, unakaaje ufukweni? Chemchemi ikipungua, inaacha nini juu ya jiwe?

Majibu hayakuwa mbali. Baada ya siku za upepo nilikwenda Itungi, ambako ziwa huacha michirizi myeusi juu ya mchanga wa kawaida, nikaipitishia sumaku niliyoibandua kwenye spika mbovu. Nikaenda upande wa Songwe kwenye maji ya moto, nikakwangua ukoko mweupe ukingoni. Mwisho nikaokota mawe mawili nyuma ya mikokoa yetu, pale kaka alipokuwa amechimba mfereji.

Hayo mawili ndiyo yaliyoniponza.

Kaka ni mkubwa wangu, na ndiye aliyebaki na shamba baba alipofariki. Alinikuta nayafunga kwenye mfuko.

"Ya nini hayo?"

"Ya kitabu."

Akautazama mfuko, akanitazama mimi, akasema sawa. Kwetu watu wameshaona wageni wakiokota mawe kwa upole, wakiaga kwa "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, na baadaye mtu anasikia habari za mipaka ya machimbo. Mimi mwenyewe ningemkuta mwingine anafanya nilivyofanya, ningemshuku.

Tangu siku hiyo sikuwa peke yangu. Nikienda kukata ndizi, kaka yuko hatua chache, anapunguza majani makavu ambayo hayakumsumbua mtu mwaka mzima. Majirani waliozoea kusimama, kunisalimu "ugonile" na kuulizia shule, sasa walisalimia huku wanatembea.

Jumamosi moja nikapita nyuma ya mikokoa nikakuta shimo. Lilinifika kiunoni, na lilifunikwa kwa majani ya mgomba. Udongo uliotoka humo haukuonekana popote. Tulipokuwa tunakula nikamuuliza kaka.

"La mgomba," akasema, hakuinua macho.

Shimo la mgomba halifiki kiunoni, wala halifunikwi. Ndipo nami nikaanza. Nilikagua tope la viatu vyake. Simu yake ikiita akatoka nje kuipokea, niliacha kutafuna ili nisikie. Nikajiambia kwamba anayenisingizia kuuza ndiye anayeuza. Tukafika mahali ambapo chumvi aliiomba kupitia kwa mama.

Mama akachoka. Akamwita baba mdogo, tukakaa barazani mchana, kokoa ikikauka kwenye mikeka mbele yetu. Nikaambiwa niseme.

Nikasema yote: milima, mchanga, maziwa. Kaka alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo dunia iko wapi?"

"Haipo. Naitunga."

"Na mawe yake?"

"Nayo nayatunga."

"Basi mbona umechukua ya kwetu?"

Nikaleta beseni, nikaweka mchanga na maji, nikazungusha mpaka mweupe ukatangulia na mweusi ukabaki chini. Nikawaeleza kwamba huko nako kizito kitabaki nyuma vivyo hivyo, na kwamba ukitaka kudanganya vizuri lazima kwanza uone kweli. Neno kudanganya sikulichagua vizuri. Baba mdogo alimtazama kaka.

Mama ndiye aliyeuliza swali la maana. "Umesema maziwa ni mafuta. Moto hauwaki ukateketeza kila kitu?"

"Hauwaki, mama. Hewa yao haina oksijeni."

"Wanapikaje?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikafikiri palepale, wote wakinitazama. Nikamwambia kwamba huko kinachowaka kimejaa hewani, kwa hiyo mpishi anabeba oksijeni kwenye chombo. Akiifungulia na kupiga cheche, mwali unakaa kwenye tundu la chombo.

"Kwa hiyo mwenye chombo ndiye mwenye jiko," mama akasema.

"Na chombo anacho nani?" akauliza baba mdogo.

"Mnaona?" kaka akasema. "Kila swali ana jibu. Amejiandaa."

Nikamgeuzia swali la lile shimo. Akakiri kwamba alichimba kutafuta nilichokiona mimi. Jiwe moja la humo alimpa mtu aende kulipima Mbeya, na likarudi na jibu kwamba ni jiwe tu.

"Si umeona sasa?" nikamwambia.

"Nimeona nini? Wapimaji husema hivyo wakitaka kuja wenyewe."

Baba mdogo akaamua nisiokote tena kitu shambani bila kaka kuwepo, na kaka asichimbe bila mimi kujua. Tulikubali wote wawili, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye amefungwa. Kitabu nilikimaliza, na swali la baba mdogo, chombo anacho nani, ndilo lililokibeba chote. Kaka nilimpa nakala. Sijui kama aliisoma, ila alinirudishia akisema haina ramani.

Lakini siku ile ya kikao, mama alinisindikiza hadi barabarani nikatafute bodaboda. Tulipofika alinishika mkono, akaangalia nyuma kuhakikisha hakuna anayetufuata.

"Sasa niambie mimi peke yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Ni dhahabu?"

"Hapana, mama."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayenisifu kwa kujua kutunza siri.