Tarumbeta Aliyekatazwa Kulia

"Sikusikii," mkewe alisema, mikono kiunoni. "Kama una neno, liseme kama mwenye nyumba. Usininong'oneze kama mwizi wa kuku."

"Daktari wa koo amenikataza kupaza sauti," Tarumbeta alinong'ona.

"Na kuiba je? Hiyo alikuandikia kabla ya chakula au baada?"

Dada yake Tarumbeta, aliyekalia stuli karibu na pazia, alitaka kucheka akajizuia, maana alikuja kugombana, na kicheko kingemharibia safari. Katikati yao, sakafuni, ilikaa spika. Ilikuwa spika ya betri ya stendi ya mabasi, kubwa kama ndoo, yenye mdomo uliopanuka na mkanda wa kuning'inizia. Mkewe alikuwa ameivuta kutoka chini ya kitanda alipokuwa akifagia, nayo ilikuwa imefunikwa shati jeupe la kazini, mikono ya shati imening'inia huku na huku. Hata kuficha Tarumbeta hakujua. Mtu aliyeishi kwa kutangaza, kuficha angejifunzia wapi?

Maana Tarumbeta hakuwa mpiga debe wa hivi hivi. Wapo wanaoita abiria, na alikuwepo yeye, aliyewaita abiria na wasio abiria. Akifungua kinywa pale stendi, kuku waliokuwa wakitaga mtaa wa pili walisimama na yai nusu njiani. Mtu alitoka kwake kununua chumvi, akapita karibu na sauti ile, akajishtukia yuko mji mwingine na bakuli mkononi, na wala hakujuta. Kuna kikongwe mmoja, kiziwi kama gogo, alikwenda kumshtaki kwa mwenyekiti wa stendi, kwamba huyo jamaa apunguze, anamwamsha. Anayebisha akamuulize kikongwe mwenyewe. Yuko makaburini, na sidhani kama hata huko amelala vizuri.

Halafu koo likachoka. Lilianza kukwaruza kama bawaba kavu, likafika mahali likawa linatoa upepo mtupu, mpaka daktari wa koo akamulika tochi humo ndani, akasema kuna vinundu kwenye nyuzi za sauti. Anong'one, maisha yake yote yaliyobaki. Akirudi kupiga kelele, ipo siku ataamka na hata "karibu" haitatoka.

Dada mtu, ambaye ni muuguzi kwa daktari wa meno, ndiye aliyemtafutia pa kujishikiza. Akamwombea kazi ya mapokezi. Huko kunong'ona ni sifa, maana mwenye jino bovu hataki kelele. Chumba chenyewe kilikuwa cheupe pe, benchi moja ndefu, kibao cha TAFADHALI KIMYA, na dirisha la kioo lenye tundu la kupitisha mkono. Nyuma ya kioo hicho ndipo Tarumbeta alipowekwa, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kama samaki aliyevishwa tai.

Asubuhi ya kwanza aliingia mama mmoja, shavu limevimba. Akaandikishwa, akakaa. Akaja mzee, akakaa. Tarumbeta akaitazama benchi, akaona bado ina nafasi. Akatoka, akawasogeza waende mbele, wabanane. Wakaja wengine, akawapanga, wembamba katikati, wanene pembeni. Yule mama akauliza huku machozi yanamtoka, "Baba, mimi naingia lini?" Naye akamnong'oneza kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto, "Vumilia, mama. Bado wawili tujae, tunaondoka."

Kule ndani daktari wa meno alikuwa amekaa na koleo mkononi, akidhani mji mzima umepona. Alipofungua mlango kuchungulia, alikuta watu wamebanwa kama punje za hindi gunzini, na Tarumbeta amesimama mwisho wa benchi, kiganja kinapiga ukuta mara mbili mbili, vile wanavyopiga ubavu wa basi kumwambia dereva aondoke.

Hakuwa mpumbavu, msimsingizie. Tangu apate akili alijua kwamba chombo hakiondoki kabla hakijajaa, na mwili ukishajua jambo haumwombi ruhusa mwenyewe. Dada akapiga magoti, daktari akasamehe, lakini akasema wazi, vituko vya stendi akivisikia tena hapo kwake, mtu na shati lake nje.

Basi akatulia. Lakini kutulia kwa ng'ombe kambani si kuridhika. Wenzake wakienda kula, yeye aliingia stoo wanakoweka mataya ya plasta, yale wanayopimia meno ya bandia. Alisimama mbele ya rafu, akaachama, akaita safari zote mji kwa mji bila kutoa hata mlio. Mataya yakamchekea, ndiyo sura yao. Na jioni akirudi, watu walimsimamisha njiani. Hongera, siku hizi unakaa kivulini. Hongera, una feni. Mtu akifiwa na baba yake watu humpa pole. Akifiwa na kazi yake, wanampa hongera ya ile mpya, naye anazipokea zote kwa mikono miwili huku akitafuta pa kulilia.

Ndiyo huyo sasa aliyesimama ameuegemea ukuta, wanawake wawili mbele yake, na spika.

"Nitairudisha mimi," dada alisema. "Nitaitia kwenye mfuko wa nguo chafu, niiache mlangoni pa ofisi yao, mambo yaishe."

Tarumbeta akatikisa kichwa, akanong'ona kitu.

"Amesemaje?" mkewe akamuuliza wifi yake.

"Amesema hairudi."

"Mwambie nimesikia. Na mwambie mimi silali juu ya mali ya watu."

"Si anakusikia, wifi. Kilichokufa ni koo, masikio mazima."

"Masikio yangekuwa mazima angesikia ninavyosemwa huko nje. Majirani wananisikia mimi tu. Wanasema mke wa Tarumbeta siku hizi anagombana na kabati."

Dada akasogeza stuli. Sasa hakuwa na mzaha. "Sikiliza, mdogo wangu. Tangu asubuhi mwenyekiti wa stendi anapita nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyewahi kupiga debe. Nimemwona kwa macho yangu, shavu moja limefura kama amefumbata limau. Na kesho ana miadi ya kung'olewa jino. Kwetu. Atasimama mbele ya kioo chako, akutazame. Akijua ni wewe, daktari atajua kabla ganzi haijashika. Mapokezi yamekwisha. Stendi huwezi kurudi, koo huna. Utakwenda wapi, nieleze."

Tarumbeta akautazama mlango. Akalitazama dirisha, na nondo zake, na kamba ya nguo nje yake. Alikuwa mtu aliyewaelekeza maelfu pa kwenda, na yeye mwenyewe hakuuona hata mji mmoja.

"Sogeeni basi," alinong'ona.

Wakasogea. Ndilo jambo la ajabu la kugombana na mtu asiye na sauti, lazima umwinamie kama unayemtaka shauri. Vichwa vitatu vikakutana juu ya ile spika.

"Mnakumbuka mwenyekiti aliponishikia kile kinasa sauti, nikiwa bado mzima? Akaniambia, ita kama unavyoita kila siku, tubaki na kumbukumbu. Nikaita. Nikajua ni kumbukumbu. Jana nimekwenda kuwasalimia tu, sina nia mbaya. Sijafika hata kwenye kona, najisikia naita. Mimi. Sauti safi, ya kabla ya vinundu. Nikakimbia, dada. Nilikimbia kama mtu aliyeachwa na basi."

"Ehe," mkewe alisema, na ile ehe haikuwa na meno.

"Nafika, naikuta spika hii imening'inizwa kwenye nguzo, sauti yangu imetiwa ndani. Mpiga debe mpya amekalia tairi, anachokonoa kucha. Spika inaita, abiria wanapanda, yeye anagonga ubavu wa basi tu. Wananipita. Watu niliowapandisha tangu wakiwa matumboni mwa mama zao wananipita. Nikasimama mbele yake, nikafungua kinywa niishinde."

Dada akashika kichwa. "Umepaza sauti? Baada ya yote aliyokwambia yule daktari?"

"Nilitaka. Ilitoka kama bomba lililokatiwa maji. Mama mmoja akanigusa bega, akaniambia, baba, sogea kidogo, unaziba spika."

Mkewe, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, akashusha mikono kutoka kiunoni.

"Nikangoja. Walipokwenda kunywa chai nikaifungua kwenye nguzo, nikaibeba. Sikuificha. Nimepita nayo katikati ya stendi, begani, kubwa vile. Mimi ambaye zamani nikikohoa mabasi yanafunga breki. Hakuna aliyegeuka. Mtu mwenye shati jeupe amebeba kitu, ndiyo hivyo tu." Akameza mate, na kwa koo lile kumeza ni kazi ya mtu mzima. "Mimi nimefungiwa kwenye kioo. Yenyewe iko nje, inapigwa na upepo, inaitwa Tarumbeta. Kama mimi sipo, na yenyewe isiwepo."

"Kwa hiyo ukaifunga chini ya kitanda," mkewe alisema taratibu, "ili muwe wafungwa wawili. Na mimi mlinzi wenu."

Akainama kuiinua ampe wifi yake aitie mfukoni, yaishe. Kidole gumba kikaangukia kitufe.

"Twende, twende, twendeee. Dirishani hapa, mama, upepo wa bure. Ingia, ingia, usiulize, nafasi ipo."

Sufuria zilihama rafuni. Panya aliyekuwa ametulia nyuma ya kabati alitoka, akaenda mlangoni akajipanga, naapa, kama mwenye tiketi. Tarumbeta alirudi nyuma hatua, akajigonga ukutani, maana ni jambo moja kujisikia nje penye watu na jambo jingine kujisikia chumbani mwako umenyamaza.

"Zima," dada alisema.

Tarumbeta akapiga magoti, akabonyeza. Kitufe kilikuwa kimezama. Jana alipoisukuma chini ya kitanda ilikuwa imegonga chaga, kumbe ndipo kilipoumia. Akabonyeza tena, akakigonga kwa ngumi. Sauti ikazidi kunoga. Dada akatupa mto juu yake, ikaita kupitia mto. Wakavuta godoro, wakaifunika, wakakaa juu, kaka upande huu na dada upande ule. Sasa ikawa inaita kutoka chini yao, nene kidogo, lakini neno kwa neno.

"Wifi, tusaidie, mwenyekiti yuko mtaani."

Mkewe hakusaidia. Alikuwa amekaa kwenye chaga tupu za kitanda, mikono mapajani, macho yake yako mbali. Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa kwao. Alikuwa ameagizwa uzi, sindano ameichomeka kwenye kanga, anapita kando ya stendi, hana safari wala fikra ya safari. Akasikia mama, dirishani hapa. Akapanda. Akaenda mpaka mwisho wa barabara, akarudi na basi lile lile, akashuka, akamkuta bado anaita. Uzi haukununuliwa. Mama yake anausubiri mpaka leo, nguo iko vile vile na tobo lake.

"Ndiye huyu," alisema, na sasa hata yeye alikuwa akinong'ona. "Ndiye aliyenioa. Tangu uanze kwa daktari wa meno, unarudi hapa unakaa kwenye kiti kama mgonjwa anayengoja benchi ijae. Nami nakwambia hongera, kama watu wote. Nakuona unavyopiga ukuta kwa kiganja ukiwa usingizini. Nageukia upande wa pili, nakwambia moyoni, atazoea." Akajipangusa uso kwa kanga. "Hakuzoea mtu hapa. Na mimi nimemkosa huyo. Nikaogopa kukwambia, nisije nikakurudisha ukaliue hilo koo."

Tarumbeta alimtazama kutoka juu ya godoro. Kwa mara ya kwanza tangu vile vinundu, alikuwa na neno dogo, la mtu mmoja, lisilohitaji stendi nzima. Akafungua kinywa.

Nje kulikuwa na mtu anapiga hodi. Pengine alikuwa ameipiga kitambo, hakuna aliyesikia, maana hodi gani itashindana na ile sauti.

"Ingia, baba, ingia," godoro likasema. "Usisimame mlangoni, nafasi ipo."

Na kwa kuwa amekaribishwa, akaingia. Mwenyekiti wa stendi, kofia mkononi, shavu limefungwa kitambaa mpaka utosini. Akamwangalia muuguzi wake wa kesho aliyekalia godoro. Akamwangalia mwenye shati jeupe. Akaliangalia godoro. Akajaribu kusema, taya likakataa, akabaki ameinua kidole tu.

Neno la Tarumbeta likarudi lilikotoka. Watu wanne wakatazamana, na hakuna aliyesema kitu, isipokuwa godoro.