Ukuta Usioshika Moto

Mtaani alijulikana kama Mama Vifungo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kurekebisha nguo: kubadili zipu, kupunguza suruali, kushonea vifungo vilivyodondoka. Yeye na mumewe, dereva wa lori mstaafu, waliishi katika nyumba ya matofali mabichi. Ukuta wa nyuma ulikuwa ukiliwa na mvua, na mahali pengine ungeweza kutia ngumi nzima. Ilikuwa lazima ufunikwe kwa nje.

Lakini ufunikwe kwa kitu gani? Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mwaka uliotangulia, nyumba ya mdogo wake Mama Vifungo iliungua. Kuta zake zilikuwa zimepambwa kwa mbao za plastiki, nyeupe pe. Moto ulianzia jikoni, ukazidaka zile mbao, na moshi mweusi ukamaliza kazi kabla majirani hawajafika na ndoo zao. Mdogo wake hakutoka. Aliyetoka ni bintiye, ambaye sasa alilala chumba cha nyuma kwa mama yake mkubwa.

Mumewe hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yaishe upesi. Asubuhi moja alirudi na mkokoteni umejaa mbao za plastiki.

"Bei ya kutupa," alisema akijifuta jasho. "Mchwa hawali hizi, na rangi hazitaki. Tutazisahau hapo mpaka tuzeeke."

"Tumeshazeeka," mkewe akajibu. "Na hizo sizitaki."

"Basi tuuvishe nini huo ukuta, koti?"

Kabla hajajibu, binti alitoka nje. Jua lilikuwa limezichoma zile mbao, zikaanza kutoa harufu. Uso ukamsawijika, akaketi vumbini, akaziba pua kwa mikono miwili.

"Mama mkubwa, nitoe," alisema. "Nitoe humu."

Na alikuwa nje, chini ya anga tupu.

Mzee alimtazama, akazitazama mbao. Aliushika mkokoteni, akazirudisha dukani.

Mama Vifungo akaanza kuzunguka kwa mafundi. Mabati yangekigeuza chumba tanuri. Mbao za miti zingeshika moto vilevile, na msitu wenyewe ulishabaki visiki. Mwishowe akampata mwanamke mmoja, fundi wa plasta ya chokaa.

"Ni chokaa na mchanga tu," fundi alimweleza. "Haina gharama kubwa, ukuta unapumua, na nyumba ikichoka hairundiki takataka."

"Na moto?"

"Chokaa ilishapita tanurini, mama. Imeshaungua tayari."

Walifanya kazi wote wanne, mikono ikiwa ndani ya glavu. Binti aliomba apake mwenyewe ukuta wa chumba chake. Alipaka polepole, akirudia palepale, mpaka fundi akamshika mkono akamwambia, "Imetosha, mwanangu." Mzee alijaribu mzaha kwamba nyumba imepaka poda. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Masika yalipoingia, ukuta haukumeguka hata punje. Majirani walikuja kuugusa na kuusifu.

Asubuhi moja ya mvua Mama Vifungo aliingia chumba cha nyuma kumwamsha binti. Alimkuta amelala kifudifudi, viatu vikiwa miguuni, kamba zimekazwa. Alinyoosha mkono avifungue, akaurudisha. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwacha alale.