Mbayuwayu wa Kwenye Boriti

Mwalimu aliyekuja kutafuta hadithi za watoto alinikuta napepeta uwele. Mimi hata darasa la pili sikulimaliza, mbuzi wa baba walikuwa wengi kuliko wanawe, sasa mtu wa vitabu anataka nini kwangu? Nikamwanzia za simba na sungura. Akasikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Bibi, hao tunao tele. Nipe unachokiona hapa nyumbani. Picha atachora mwenzangu mjini."

Ninachokiona ni kuku, moshi na mbayuwayu. Walikuwa wawili, wamejenga juu ya boriti ndani ya tembe langu, kwa tope la pale tunapomwaga maji ya kuogea. Kwetu ndege huyo akijenga ndani hafukuzwi, hata akikunyea kwenye ugali, na mimi alishaninyea. Mwalimu akapenda. Akaandika habari ya tope na mayai, akasema atarudi kuchukua mwisho, makinda yakisharuka.

Yakaanguliwa. Mjukuu wangu, niliyekuwa namlea tangu mama yake aondoke, alikuwa mtoto wa kununa tu. Akawa analala chali mkekani, anafumbua mdomo kila makinda yakifumbua.

Ndipo baba yake, mwanangu, akafika na fundi na lori la mabati. Alikuwa akiuza mitumba Dodoma mjini. Miaka ile kila mtu alifungua kibanda, hata katekista wetu aliuza sabuni. Akaniambia tembe linatia aibu, tena kona moja imeshaporomoka, mvua ya kwanza itanifukia humo. Hapo hakusema uongo. Nikamwomba angoje makinda yaruke. Akacheka.

"Mama, nimrudishe fundi kwa ajili ya ndege?"

Mtoto ndiye aliyemshika suruali. "Baba, ngoja kidogo."

Mwanangu si mtu mbaya. Hakungoja, lakini alikata kipande cha boriti kwa msumeno, kiota kikiwa juu yake, na paa jipya lilipokamilika akakipigilia mwenyewe chini ya bati. Wazazi wa makinda wakarudi jioni ile ile. Tukafurahi sote, nikamchinjia jogoo.

Tembe, kwa wasiolijua, lina udongo juu, na adhuhuri ndani unaweza kujifunika shuka. Bati la nchi hii adhuhuri ni kikaango. Kesho yake mchana tulitoka kisimani tukakuta shingo za makinda zimening'inia ukingoni mwa kiota. Mama yao alikuwa bado analeta wadudu. Anafika, anangoja, anaondoka nao.

Mwanangu akalowesha gunia, akapanda kulitandika juu ya bati. Hakuna aliyemwambia kwamba amechelewa. Akashuka, akasema, "Sikujua, mama," akaenda kukaa nyuma ya zizi.

Mwalimu aliporudi nilimweleza yote. Akasema watoto wadogo hatuwezi kuwapa hayo. Nikamjibu, basi andika kwamba waliruka. Nilisema kwa mdomo wangu, na sijui hata leo kama nilifanya vyema.

Kitabu kikaja, kizuri, kina rangi. Nikamwita mjukuu. Akafunua polepole mpaka ukurasa wa mwisho, makinda yanapaa juu ya tembe. Akayatazama, akakifunga, akanirudishia.

"Bibi, hawa ni wengine."

Nikamwambia ndiyo, hawa ni wengine.